Zichukuliwe Kama Zimesomwa

Kile kiti kiliokotwa kando ya barabara, Saint Louis Park, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ambazo Wamarekani wanaohama huacha vitu vizima nje na kuondoka bila kugeuka nyuma. Kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kina mkono wa chuma ubavuni. Ukiuvuta, sehemu ya chini inachomoza na kukunyanyua miguu. Mwenyekiti wetu na mume wangu walikipandisha hadi ghorofa ya pili, wakigombana kila kona ya ngazi, na tangu siku hiyo hapakuwa na kitu Minnesota nzima nilichokitamani kama hicho. Nilikitamani miaka miwili.

Tulikuwa watu watano, tukikutana Jumapili baada ya kanisa katika fleti ya Mwenyekiti. Yeye alikuwa Mkenya kama mimi na mume wangu, mzee wa kanisa, na siku za kazi mtu wa maabara ya hospitali. Wa nne alikuwa Mtanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesomea takwimu, ambaye Kiswahili chake kilibaki kimenyooka hata akikasirika. Wa tano alikuwa Mkongo aliyefua mashuka ya hoteli moja ya Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Hakuna aliyemshinda Mkongo kwa kupenda mpira wa kikapu.

Kilichotukutanisha ni timu ya jiji letu, na timu hiyo ilikuwa mbovu. Ilishindwa nyumbani, ilishindwa ugenini, ilishindwa hata siku ambazo wapinzani walionekana wamechoka kushinda. Lakini Wamarekani wana utaratibu wao: timu zilizoshindwa ndizo hutangulia kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuoni, na ili watu wasishindwe kwa makusudi, zamu za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu. Ukishindwa sana, matumaini yako ya kuchagua mapema yanakuwa makubwa, ila hakuna uhakika. Basi watu wa miji mingine walingoja vikombe. Sisi tulingoja bahati nasibu ya mwezi wa Mei, kisha mwishoni mwa Juni tuone tumemchukua nani. Ndiyo yalikuwa mavuno yetu, na baridi yote ya Januari tuliivumilia kwa ajili yake.

Sasa, watu wa kwetu tukizidi watatu tunaunda kamati. Mtu hawezi kufiwa, kuoa wala kununua gari bila mwenyekiti na mweka hazina. Kwa hiyo na mpira nao tuliufanyia kikao. Tulifungua kwa sala. Kulikuwa na ajenda: kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, hoja kuu, na mengineyo. Aliyetaka kusema kwamba mchezaji fulani hajui kurusha aliinua mkono kwanza na kupitia kwa Mwenyekiti, na aliyesahau alirudishwa kwenye utaratibu, hata kama timu ilikuwa inashindwa papo hapo mbele ya macho yetu.

Mimi nilikuwa Katibu. Sikugombea. Nilisomea uhazili Mombasa, nikajua hati mkato na jinsi ya kupanga vichwa vya habari, na siku ya kwanza Mwenyekiti alipouliza nani ana mwandiko mzuri, mume wangu alinielekezea kidole kabla sijameza chai. Nikapewa daftari la kurasa mia mbili na kistuli cha jikoni. Kistuli kiliwekwa mlangoni, nusu sebuleni na nusu jikoni, ili niweze kuandika na kuchungulia sufuria. Kutoka hapo niliona kisogo cha Mwenyekiti na robo tatu ya televisheni.

Mwaka wa kwanza ulitokea ugomvi. Timu ilipochagua, wanaume watatu waliapa kila mmoja kwamba alitabiri jina lile lile, na kila mmoja alikuwa na siku na saa aliyolisema. Mkongo na Mtanzania hawakusalimiana wiki mbili. Mwenyekiti aliitisha kikao maalumu, akatukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na tukapitisha azimio: utabiri halali ni ule tu ulioandikwa katika kumbukumbu na kuthibitishwa kwa sahihi kabla ya jina kutangazwa. Ambaye utabiri wake ungetimia angekalia kile kiti cha ngozi msimu mzima. Kwa kuwa mwaka huo hakuna aliyekuwa na maandishi, Mwenyekiti alijitolea kuendelea kukikalia. Azimio hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu, juu ya kistuli.

Katika maneno yote ya azimio hilo hamkuwa na neno moja la kumkataza Katibu kutabiri. Hakuna aliyeona haja ya kuliweka.

Nina jambo la kusema kuhusu macho yangu. Shuleni kwetu Taita nilichezea timu ya netiboli miaka minne, na katika netiboli mtu akidaka mpira, mguu aliotua nao wa kwanza unahesabiwa; akiusogeza vibaya, mwamuzi anapuliza. Ukiucheza mchezo huo vya kutosha unakoma kutazama mikono ya watu. Unatazama wanavyotua. Na kazi niliyoifanya Minnesota ilikuwa ya kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee hapo hapo Saint Louis Park. Kila asubuhi niliwainua watu vitandani, nikawashusha vitini, nikawainua tena. Kulikuwa na bibi mmoja, shabiki mkali aliyeitukana timu yetu kwa maneno ambayo mama yangu angeniosha kinywa kwa sabuni kama ningeyarudia. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kabla ya kusimama alijigeuza ubavu wa kushoto, akaweka kiganja juu ya paja, akanyoosha mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia ukafuata. Alifanya hivyo hivyo kila siku, na mimi mikono yangu chini ya kwapa zake nilihesabu moja, mbili, tatu. Magoti niliyajua.

Mwezi wa Mei mwaka wa pili bahati nasibu ilichezwa, nasi, kama kawaida yetu, tukarudishwa nyuma ya timu ambazo tulikuwa tumezishinda kwa kushindwa. Mkongo alilala chali juu ya zulia. Mwenyekiti aliahirisha kikao. Shida ni kwamba mwaka huo kulikuwa na kijana mmoja ambaye kila mtu alimtaka, senta mrefu kama mnara, mabega ya kubebea mlango, na kwa kuwa zamu yetu ilikuwa imesogezwa nyuma, ilionekana wazi kwamba wengine wangetumalizia.

Jumapili ya mwisho kabla ya uteuzi, Mtanzania alileta kanda ya video. Alikuwa amerekodi mechi za yule mnara majira yote ya baridi, na alikuwa na karatasi za hesabu zilizobandikwa kwa gundi. Alitusomea mipira iliyonyakuliwa na mipira iliyozuiwa mpaka chai ikapoa. Mkongo alisema hakuna haja ya hesabu, timu bila pivot, yaani senta, ni nyumba bila nguzo. Mume wangu aliinua mkono, akaruhusiwa, akasema anaunga mkono waliomtangulia. Hoja iliyobaki ilikuwa moja tu, kama Mungu angemwacha kijana huyo atufikie sisi.

Mimi nilikuwa naitazama kanda. Mnara aliruka, akazuia mpira, watu wakashangilia, akaanguka. Halafu akainuka. Alijigeuza ubavu wa kushoto, akaweka kiganja juu ya paja, akanyoosha mguu wa kushoto kwanza.

Kalamu yangu ilisimama. Nilingoja aruke tena. Aliporuka alirukia mguu wa kushoto na kutua na mguu wa kushoto, na alipoanguka mara ya pili aliinuka vile vile. Lilikuwa goti la yule bibi, katika mwili wa kijana wa miaka ishirini. Katika mechi hiyo hiyo, upande wa pili, kulikuwa na mwembamba mmoja mashoto ambaye hakuna aliyemtaja mchana kutwa. Alitua kwa miguu yote miwili, kimya, kama paka anayeshuka mezani.

Niliinua mkono. Mwenyekiti hakuuona, kwa sababu hakuwahi kutazama upande wa mlango. Nikakohoa.

"Mwenyekiti, nina neno. Goti la kulia la huyo kijana ni bovu. Tazameni anavyoinuka. Madaktari wakimpima, wote watamruka, na sisi pia. Tutamchukua yule mashoto."

Mwenyekiti alisimamisha kanda. Alinigeukia kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi.

"Dada, hii si netball," alisema. "Katibu anaandika. Katibu haandikwi."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nakubali; walicheka kama watu wanaomcheka mtoto aliyeingia sebuleni na viatu vya baba yake. Mume wangu naye alicheka, kidogo, kwa pua. Nilimwona. Damu ilinipanda mpaka masikioni, nikainamisha kichwa nikaandika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Njiani kurudi Frogtown, tulikokuwa tukikaa, sikumsemesha. Jua lilikuwa bado kali na madirisha ya gari yalikuwa wazi, na barabara nzima alijaribu kuniambia kwamba si najua vile Mwenyekiti yuko. Tulipoingia University Avenue aliegesha mbele ya duka tulilonunulia unga, akazima injini, akakaa.

"Lakini lile goti," alisema. "Una hakika?"

Nilimwambia kwamba kazini nainua magoti kumi na sita kwa siku, na yeye ofisini kwake anainua penseli. Nikashuka kununua unga.

Nyumbani nilikaa kunakili kumbukumbu kwa usafi, kama nilivyofanya kila baada ya kikao. Wajibu wa katibu ni kuandika kilichosemwa kikaoni. Nilipofika kwenye mengineyo nilijiuliza kama maneno yangu yalisemwa kikaoni, na jibu lilikuwa ndiyo, yalisemwa, tena na kuchekwa. Basi nikaandika, bila kutia chumvi: "Katibu alieleza kwamba mchezaji mrefu ana goti bovu la kulia, na akatabiri kwamba timu zote zilizotutangulia zitampita, na timu yetu pia itampita na kumchagua mchezaji mashoto. Kikao kilicheka." Nilipiga mstari chini kwa rula. Utabiri wa wanaume wote wanne, wa kumtaka mnara, nilikuwa nimeshauandika juu kwa uaminifu huo huo.

Sikuwa na raha wiki hiyo, nakiri. Kama ningekosea, daftari lingenikumbuka. Mtanzania alikuwa na tabia ya kusoma kumbukumbu za zamani kwa sauti kila tulipopata wageni, na nilijiona nikitajwa kwenye harusi na ubatizo kama yule mama aliyewapima wachezaji magoti.

Jioni ya uteuzi nilibadilishana zamu kazini. Tulifika mapema, Minnesota mwezi wa Juni jua halina haraka ya kuondoka, na sebule ilikuwa na mwanga kama saa tisa mchana. Nilikuwa nimepika ugali na nyama, na mboga zikiwa bado motoni. Tulisali. Mwenyekiti akasoma ajenda, namba moja, kuthibitisha kumbukumbu. Televisheni ilikuwa imewashwa, sauti imepunguzwa, na vijana wenye suti mpya walikuwa wanaonyeshwa wakikaa na mama zao.

"Mwenyekiti, nizisome?" niliuliza.

Nataka ieleweke kwamba niliuliza.

"Zichukuliwe kama zimesomwa," alisema Mtanzania, ambaye jicho lake lilikuwa kwenye skrini.

"Naunga mkono," alisema Mkongo, ambaye jicho lake lilikuwa kwenye nyama.

Ndivyo tulivyofanya siku zote. Ndivyo zinavyofanya kamati zote nilizowahi kuziandikia, za kanisa, za mazishi, za shule; sijawahi kuona kikao cha watu wetu chenye njaa kikisoma kumbukumbu. Nilimpelekea Mwenyekiti daftari palepale kwenye kiti cha ngozi, naye akatia sahihi chini ya kila ukurasa, kurasa tatu, bila kuondoa macho kwenye televisheni. Nikarudi kwenye kistuli.

Jina la kwanza lilitangazwa. Halikuwa la mnara. Mtanzania alisema hilo lilitarajiwa. La pili halikuwa lake. Baada ya hapo sebule ilianza kuchemka. Kila jina lililotajwa likiwa la mwingine, wanaume walisogea mbele kidogo, mpaka Mkongo akawa amepiga magoti mbele ya televisheni.

"Il reste! Anabaki! Mungu ametukumbuka, anabaki!"

Ikafika zamu yetu, na mnara alikuwa bado amekaa pale na mama yake. Mwenyekiti alisimama kutoka kwenye kiti, akamkumbatia mume wangu, akakaa tena. Tayari walikuwa wanamshukuru Mungu kwa muujiza. Mimi nilishikilia kistuli kwa mikono miwili. Nusu ya utabiri wangu ilikuwa imetimia, na ilikuwa nusu isiyo na faida, kwa maana kama timu yetu ingemchukua, ningekuwa nimekosea kwa maandishi na kwa sahihi ya Mwenyekiti. Sijawahi kusikia moyo wangu ukipiga hivyo, hata uwanja wa ndege siku ya kuondoka nyumbani.

Yule bwana wa suti aliyekuwa akitangaza majina akaja kwenye kipaza sauti na kulitaja jina. Lilikuwa la mashoto.

Nilisikia mboga zikichemka nyuma yangu. Mkongo aliuliza, "Mais kwa nini?" na hakuna aliyemjibu isipokuwa televisheni. Mtangazaji alikuwa anaeleza kwamba madaktari wa timu kadhaa walikuwa wamelipima goti la kulia la yule senta na hawakulipenda. Kamera ilibaki usoni mwa kijana, mama yake akimshika mkono. Nilimhurumia kwa kweli. Halafu nikarudi kwenye furaha yangu, kwa sababu ilikuwa kubwa na ilikuwa yangu.

Waligeuka mmoja mmoja kunitazama. Mwenyekiti aligeuka wa mwisho.

Nilisimama na aproni yangu, nikafungua daftari ukurasa wa tatu, nikasoma mengineyo kwa sauti ya uhazili, polepole, pamoja na "Kikao kilicheka."

"Hoja ya utaratibu," alisema Mwenyekiti. "Katibu hana kura."

"Sikuomba kura, Mwenyekiti. Nilitabiri."

"Lakini hayo hatukuyasikia. Hayakusomwa."

Hapo mume wangu akasimama. Hakuinua mkono wala kupitia kwa mtu yeyote.

"Mwenyekiti," alisema, "sahihi ni yako."

Mtanzania alilichukua daftari, akasoma, akarudia kusoma, akatazama sahihi kama anayekagua noti. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe mwizi. Jamani, akasema, imethibitishwa, na aliyependekeza ni yeye. Mkongo akasema na aliyeunga mkono ni yeye, naye akaanza kucheka. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri miaka miwili, dakika mbili hazikunishinda.

Mwenyekiti, Mungu amjalie, alikuwa mtu wa utaratibu. Aliinuka. Nilimtazama magoti alipokuwa akiinuka, na yalikuwa mazima yote mawili. Akapangusa ngozi ya kiti kwa kiganja, mara mbili, akasogea kando.

"Karibu, Katibu," alisema.

Nilipita katikati yao na aproni yangu. Nikakaa. Nikautafuta ule mkono wa chuma ubavuni, nikauvuta, na miguu yangu, iliyokuwa imesimama zamu saba wiki hiyo, ikanyanyuka yenyewe hewani. Nilicheka kwa sauti. Kutoka pale niliiona televisheni nzima, kona zote nne. Harufu ya mboga zinazoshika chini ilitufikia na wote wakanitazama kwa mazoea, na mimi nikatazama televisheni. Mwishowe Mkongo ndiye aliyekimbilia jikoni.

Kikao kilikuwa hakijafungwa. Mwenyekiti alitazama huku na huku, na kilichobaki wazi kilikuwa kistuli tu. Akakikalia, pale mlangoni, magoti yakimfika kifuani. Mume wangu alimpa daftari na kalamu ikiwa ndani yake.

"Sasa niandike nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Andika: 'Katibu alisema,'" nilimwambia, nikamtajia utabiri wangu upya.

Akaandika. Ilimchukua muda, mwandiko wake ulikuwa wa mtu wa maabara. Alipomaliza alitaka kulifunga daftari, nami nikamwambia bado, tusizichukue kama zimesomwa, atusomee kwa sauti, neno kwa neno, ndipo nithibitishe. Akasoma.